Sauti ya Mama wa Ukoo: Usimulizi na Uandishi wa Wanawake wa Haudenosaunee

Utangulizi

Aghalabu fasihi simulizi huchukuliwa kuwa chombo cha kuburudisha na kuadilisha. Hata hivyo, zipo jamii ambamo hadithi ni hati ya kumiliki ardhi, ni katiba, na ni jibu la swali la nani mwana wa nani. Miongoni mwa jamii hizo ni Wahaudenosaunee, wenyeji asilia wa Amerika ya Kaskazini, ambao jina lao lina maana ya watu wa nyumba ndefu. Shirikisho lao, ambalo Wafaransa waliliita Iroquois, linajumuisha mataifa sita: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora. Kitovu cha nchi yao ya jadi ni eneo ambalo leo ni jimbo la New York nchini Marekani, na wengi wao wanaishi Ontario na Quebec nchini Kanada. Makala haya yanafafanua jinsi hadithi zilivyomkabidhi mwanamke mamlaka katika jamii hii, jinsi sheria ya kigeni ilivyompokonya, na jinsi waandishi wa kike walivyoshika kalamu kuudai urithi huo.

Kisasili cha Mwanamke wa Mbinguni

Kisasili cha asili ya dunia ndicho shina la fasihi ya Wahaudenosaunee. Hapo mwanzo palikuwa na maji matupu. Mwanamke mja mzito alianguka kutoka ulimwengu wa juu, ndege wakamdaka kwa mbawa zao na kumtua juu ya gamba la kasa. Wanyama wakapiga mbizi mmoja baada ya mwingine kuutafuta udongo. Katika masimulizi mengi, aliyefaulu ni mnyama mdogo wa majini anayefanana na panya. Mwanamke yule aliuweka udongo gambani, akauzunguka akicheza, nao ukapanuka ukawa nchi kavu. Baadaye alizaa binti, ambaye naye alifariki alipojifungua mapacha. Mwilini mwa binti huyo ndimo ilimoota mimea ya chakula. Mahindi, maharagwe na maboga, ambayo hupandwa pamoja, huitwa Dada Watatu.

Maana ya kisasili hiki haikomei kwenye maelezo ya chanzo cha vitu. Ikiwa ardhi ilitandazwa na nyayo za mwanamke, na chakula kikachipuka katika mwili wa mwanamke, basi mashamba na mavuno ni amana ya wanawake. Ndivyo ilivyokuwa. Wanawake walilima na kusimamia ghala, mume alihamia katika nyumba ndefu ya jamaa za mkewe, na mtoto alihesabiwa katika ukoo wa mamaye.

Usimulizi wenyewe ulikuwa na miiko yake. Ngano zilisimuliwa majira ya baridi, kazi za shambani zikiwa zimekwisha. Iliaminika kwamba zikisimuliwa majira ya joto, wanyama wangezisikiliza na kusahau shughuli zao. Miongoni mwa Waseneca, hadhira ilipaswa kumwitikia fanani mara kwa mara kuonyesha kwamba iko macho.

Neno la Amani na Mamlaka ya Kumteua Chifu

Mighani ya kuundwa kwa shirikisho inaeleza kuwa mataifa haya yalikuwa yakiuana kwa visasi. Mleta Amani alipoanza kueneza ujumbe wake, mtu wa kwanza kuupokea alikuwa mwanamke, Jigonsaseh, ambaye nyumba yake ilikuwa njiani na ambaye aliwalisha wapiganaji waliopita hapo. Kwa sababu hiyo wanawake walipewa haki ya kuwateua machifu. Hadi leo, katika mabaraza ya jadi, mama wa ukoo ndiye anayemteua chifu, humwonya anapopotoka, na asiposikia humvua madaraka.

Sheria Iliyoukata Ukoo

Nchini Kanada, sheria ya mwaka 1876 kuhusu wenyeji asilia iliupindua mpango huu. Uenyeji ulihesabiwa kupitia kwa mwanamume. Mwanamke mwenyeji aliyeolewa na mgeni alipoteza hadhi yake kisheria, ilhali mgeni aliyeolewa na mwenyeji aliipata. Marekebisho ya kuwarejeshea wanawake hao hadhi yalipitishwa mwaka 1985. Kwa zaidi ya karne moja, basi, kisasili kilisema jambo moja na serikali ikasema kinyume chake.

Kalamu Mikononi mwa Wanawake

Mgongano huo unadhihirika katika maisha ya E. Pauline Johnson (1861-1913), mshairi aliyezaliwa katika makao ya Mataifa Sita, Ontario. Babaye alikuwa chifu wa Mohawk na mamaye Mwingereza. Kwa sheria ya Kanada alikuwa Mmohawk. Kwa mila ya Wamohawk wenyewe, hakuwa na ukoo. Johnson alikariri mashairi yake majukwaani, sehemu ya kwanza akivaa vazi la ngozi, ya pili akivaa gauni la Kizungu. Katika hadithi yake fupi "A Red Girl's Reasoning" (1893), mume Mzungu anaona aibu kwamba wazazi wa mkewe walioana kwa kaida za wenyeji, bila kasisi. Mke anamjibu kwamba ikiwa kaida za watu wake si kitu, basi na ndoa yao ya kanisani si kitu kwake, kisha anamwacha.

Beth Brant (1941-2015), Mmohawk, alihariri A Gathering of Spirit (1984), mkusanyo wa kazi za wanawake wenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Katika Food & Spirits (1991) aliusimulia upya mwanzo wa dunia, akiwaweka mbele mama na bintiye. Naye Alicia Elliott, katika riwaya yake And Then She Fell (2023), anamsawiri mama kijana anayejaribu kuandika upya hadithi ya Mwanamke wa Mbinguni huku akili yake ikimsaliti. Anguko lile la kale linakuwa picha ya hofu ya mama wa leo asiyejua nani atamdaka.

Hitimisho

Imebainika kwamba wanawake wa Haudenosaunee hawakuanza kusema walipoanza kuandika. Walikuwa na neno barazani kabla ya kalamu kuwafikia. Walichofanya waandishi ni kulihifadhi neno hilo wakati sheria ilipotaka kulinyamazisha. Sheria ya 1876 ilibadilishwa na binadamu kama ilivyotungwa na binadamu. Hadithi ya mwanamke aliyeanguka na kutandaza nchi kwa nyayo zake ingali inasimuliwa, na mtoto wa Haudenosaunee angali anaulizwa ukoo wa mamaye.