Bhakti: Njia ya Mapenzi katika Uhindu

Bhakti yoga ni njia ya kiroho ambayo Mhindu huifuata kwa kumpenda Mungu na kumtumikia. Yoga hii si mazoezi ya viungo, bali ni nidhamu ya maisha inayokusudia kumuunganisha mja na Mola wake. Bhagavad Gita, kitabu chenye sura 18, kinaitaja pamoja na njia ya maarifa na njia ya kutenda wajibu bila kutamani malipo. Humo Krishna, Mungu katika umbo la mwanadamu, akizungumza na shujaa Arjuna katika uwanja wa vita, anafundisha kwamba kumtafakari Mungu asiye na umbo ni kazi nzito kwa kiumbe mwenye mwili. Anayemkabidhi moyo wake humfikia kwa wepesi zaidi. Hata jani, ua, tunda au maji kidogo anayapokea, mradi yametolewa kwa mapenzi.

Ukubwa wa fundisho hili umo katika jinsi linavyozichukulia hisia. Watawa wengi wa India walijitahidi kuzizima, kwa kuwa waliziona ndizo zinazomfunga mtu na dunia. Bhakti haizizimi, huzielekeza kwa Mungu. Wafuasi wa Chaitanya (1486–1534), mtakatifu wa Bengal, walizipanga katika ngazi tano: utulivu wa mwenye kustaajabu, utii wa mtumishi, ukaribu wa rafiki, huruma ya mzazi, na mapenzi ya wapendanao, ambayo mfano wake ni Radha kwa Krishna. Ngazi ya nne huwashangaza wageni, kwa sababu humo Mungu ndiye mtoto na mwanadamu ndiye mlezi. Ndiyo maana katika nyumba nyingi sanamu ndogo ya Krishna huamshwa asubuhi, ikaogeshwa, ikavishwa nguo na kupewa chakula, kisha ikalazwa usiku. Utaratibu wa kila siku wa namna hiyo hufuatwa pia katika mahekalu ya madhehebu ya Kihindu ya Swaminarayan yaliyojengwa na Wagujarati huko Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Hata uchungu wa kuhisi kwamba Mungu yuko mbali huhesabiwa kuwa ibada, kwani asiyependa haoni upweke.

Kitabu cha Bhagavata Purana kinataja matendo tisa ya bhakti: kusikiliza habari za Mungu, kumwimbia, kumkumbuka, kuhudumia miguu yake, kumtolea sadaka, kumsujudia, kuwa mtumwa wake, kuwa rafiki yake, na mwisho kujikabidhi kwake kabisa. Kuimba ndiko kulikoenea zaidi. Mmoja huanzisha jina la Mungu, kundi huitikia kwa ngoma na matoazi, na mwendo huzidi kupanda. Mtu akiwa peke yake hulirudia jina hilo kwa tasbihi ya punje 108.

Vuguvugu la bhakti lilianza kushamiri kusini, katika nchi ya Watamil, kati ya karne ya 6 na ya 9. Washairi 12 wa mungu Vishnu, wanaoitwa Alvar, na watakatifu 63 wa mungu Shiva, wanaoitwa Nayanar, ndio wanaokumbukwa zaidi. Washairi hao walitunga kwa Kitamil, lugha ya nyumbani na sokoni, badala ya Kisanskriti cha makuhani. Miongoni mwa Alvar alikuwamo mwanamke, Andal. Baadaye moto huo ulifika kaskazini, ukawapata Kabir mfumaji, Ravidas fundi wa ngozi, na Mirabai, binti wa ukoo wa kifalme wa Rajasthan.

Hata hivyo, mlango uliofunguliwa na nyimbo haukufunguliwa mara moja na watu. Katika karne ya 14 Chokhamela, mshairi wa jamii iliyohesabiwa kuwa najisi, alimwimbia mungu Vitthal wa mji wa Pandharpur, Maharashtra, huku akizuiwa kuingia hekaluni mwake. Kumbukumbu yake iko nje, karibu na ngazi za hekalu hilo. Nyimbo zake zilipokewa, yeye mwenyewe akakataliwa. Dhuluma hiyo iliendelea kwa karne nyingi dhidi ya watu wa jamii yake. Ni mwaka 1947, baada ya mwanaharakati Sane Guruji kufunga akidai waruhusiwe kuingia, ndipo hekalu lilipofunguliwa kwao. Leo mahujaji wa matabaka yote hutembea kwa miguu takriban wiki tatu hadi Pandharpur kila mwaka, wakiimba njia nzima, na nyimbo za Chokhamela zimo miongoni mwa zile wanazoziimba.