Bodi nzima, chasisi imeoza: Nilivyotafuta uti wa mgongo wa Land Rover ya baba

BABA yetu alipofariki dunia alituachia shamba la kahawa huko Bududa, nyumba ya mabati na Land Rover moja iliyotengenezwa mwaka 1968. Shamba tuligawana bila ugomvi, na nyumba ni ya Mama. Land Rover ndiyo iliyotaka kututenganisha.

Kaka yangu mkubwa alitaka tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, maana ilikuwa imelala uani miaka minane. Dada zangu walitaka ibaki hapo kama kumbukumbu. Mimi nilitaka itembee.

Gari hilo lina historia nyumbani kwetu. Baba alilinunua mnadani mwaka 1975. Lilishusha magunia ya kahawa kutoka milimani hadi Mbale na kuwawahisha kina mama wajawazito hospitali usiku wa manane. Vita vya mwaka 1979 vilipokaribia, Baba aliyafungua magurudumu yote manne na kuyaficha chini ya lundo la majani ya migomba, ili askari wasiweze kuondoka nalo. Walikuja, wakalitazama, wakaenda zao.

Mbele ya Mama tulifanya makubaliano. Nitalipeleka kwa fundi Kampala, naye akisema linafaa, kila mmoja atachanga. Akisema halifai, kaka ataliuza.

Nyundo na bisibisi

Fundi niliyeelekezwa ni mzee mmoja wa Ndeeba ambaye amefanya kazi ya Land Rover tangu ujana wake. Nilidhani angeanza na injini. Badala yake aliingia uvunguni na nyundo ndogo na bisibisi, akawa anagonga chuma huku akisikiliza.

"Chuma kizima hulia kama kengele, mwanangu," aliniambia. "Hiki chako kinalia kama boga."

Alipofika kwenye boriti ya nyuma alisukuma bisibisi, nayo ikazama hadi kwenye mpini. Kwenye mikono inayoshika bodi hali ilikuwa hiyo hiyo. Pale springi ya nyuma inapofungwa, chuma kilikuwa kimekatika nusu.

Nilishangaa kwa sababu kwa juu gari lilionekana zima. Mzee alinieleza siri yake. Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya Vita Kuu ya Pili, hivyo bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu, ambayo haishiki kutu. Lakini chasisi ni ya chuma. Ni mabati mazito, unene wake takriban milimita 2, yaliyochomelewa pamoja yakawa boksi refu lenye uwazi ndani. Matope na maji huingia humo, hayakauki, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Unapoiona kwa nje, kazi yake imekwisha.

"Je, haiwezi kutiwa viraka?" nilimuuliza.

Alijibu kwamba kiraka hufaa pale kinapopata chuma kizima cha kushikilia. Kuchomelea juu ya kutu ni kumdanganya mwenye gari, na springi ikichomoka kwenye mteremko, atakayelipa ni abiria. Akahitimisha kwamba injini inafufuka, gia boksi ni nzima, ila chasisi lazima ibadilishwe.

Njia tatu

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipogundua kwamba kuchagua chasisi si sawa na kununua plagi. Nilikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ni kuagiza mpya kutoka Uingereza. Kampuni kama Richards na Marsland hutengeneza chasisi za Land Rover za zamani, kisha huzamishwa nzima katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Zinki huingia hadi ndani ya boksi, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki. Hiyo ndiyo bora kuliko zote. Lakini bei yake huko huko inazidi pauni 2,000, na bado kuna meli hadi Mombasa, ushuru wa forodha na lori la kupitia Malaba. Nilipopiga hesabu na kuwatumia ndugu zangu, kaka alijibu kwa neno moja: "Skrepa."

Njia ya pili ni kuichonga hapa hapa. Mafundi wa Katwe ni hodari, wanatengeneza kila kitu kuanzia mageti hadi mashine za kusaga. Mmoja aliniahidi chasisi ya bamba nene maradufu kwa bei nafuu. Mzee wa Ndeeba hakudharau ufundi wao, ila aliuliza swali moja: wana fremu ya kuishikilia wakati wa kuchomelea? Moto huvuta chuma. Chasisi isipobanwa kwenye fremu maalumu itajipinda, na ekseli ya nyuma ikikaa upande, gari litatembea kama kaa na kula matairi kila siku. Kule hakukuwa na fremu hiyo. Aidha, bamba nene linaongeza uzito bila kuongeza unyoofu.

Ikabaki njia ya tatu, yaani kutafuta chasisi iliyotumika ya gari jingine.

Dalali na grainda

Dalali wa kwanza alinipeleka kuona chasisi nzuri kabisa, isiyo na kutu. Nilipoweka tepu kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma, nilipata sentimita 223 na nusu. Hiyo ni inchi 88, Land Rover fupi. Yetu ni ndefu ya inchi 109, ambayo ni takriban sentimita 277.

Hata ndefu zenyewe si moja. Ile ya abiria yenye milango ya nyuma ubavuni hubeba tangi la mafuta nyuma, na mikono inayoshika bodi yake haifanani na ile ya pikapu. Yetu ni pikapu. Asiyejua hilo atanunua, kisha aanze kukata na kuunga.

Dalali wa pili aliniletea ya pikapu, inchi 109, nyoofu, tena kwa nusu ya bei niliyotarajia. Fedha za ndugu zangu zilikuwa tayari kwenye simu yangu. Nilitaka kulipa siku hiyo hiyo.

Mzee wa Ndeeba alikwenda moja kwa moja mbele, upande wa kulia, pale springi inapofungwa. Kwenye magari ya aina hii namba ya chasisi hugongwa hapo. Alipangusa vumbi kwa kidole gumba, kisha akaniita. Pale palikuwa pamesagwa kwa grainda hadi chuma kinang'aa.

"Ukinunua hii, mimi siigusi," alisema. "Siku polisi wakiuliza gari la nani, utawaambia la baba yako?"

Niliona aibu. Kwa haraka yangu ya kuokoa gari la marehemu, nilikaribia kulivisha chuma ambacho pengine kiliibwa kwa mtu mwingine. Nilirudi na fedha zote, na kaka akazidi kunicheka.

Ya mwalimu wa Soroti

Wiki tano baadaye nilipata habari za mwalimu mstaafu wa Soroti mwenye pikapu kama yetu. Injini yake ilikuwa imekufa siku nyingi na bodi iligongwa, lakini gari lilikaa chini ya paa miaka yote. Alikuwa na kitabu cha usajili chenye jina lake, na namba iliyomo ilikuwa ile ile iliyogongwa kwenye chuma. Tuliandikiana hati ya mauziano mbele ya mashahidi.

Kabla ya kulipa, Mzee alipima unyoofu kwa njia ambayo yeyote anaweza kuiga. Alishusha timazi kutoka kila mahali pa kufungia springi, akaweka alama za chaki kwenye sakafu ya saruji. Gari liliposogezwa, tulipima alama hizo kwa mshazari, kutoka kushoto mbele hadi kulia nyuma, na kulia mbele hadi kushoto nyuma. Vipimo viwili vikilingana, chasisi haijapinda. Tofauti yetu haikufika milimita 3.

Boriti ya nyuma tu ndiyo iliyokuwa na kutu, nayo ilikatwa na kuwekwa mpya. Mashimo ya kutolea maji yalizibuliwa, oili ikapulizwa ndani ya boksi, na rangi ikapakwa nje. Halafu tulilipeleka gari kwa polisi wa ukaguzi wa magari, tukaomba namba mpya ya chasisi iandikwe kwenye kumbukumbu za gari letu. Foleni zilinichosha kuliko kazi ya gereji, lakini sasa namba ya chuma na ya karatasi ni moja.

Kazi yote ilichukua miezi minne. Nilipolifikisha Bududa, Mama alilizunguka mara mbili, akaweka mkono kwenye mlango wa dereva, kisha akapanda bila kusema neno.

Kwa mwenye gari la aina hii uani, ushauri wangu ni mfupi: usidanganywe na bodi. Gonga kwa nyundo, pima urefu, pima mshazari, na usome namba kabla ya kutoa hata shilingi moja. Chasisi ikikosa kimoja kati ya hivyo, subiri nyingine.

Msimu huu wa kahawa, aliyekuwa wa kwanza kuja kuomba ufunguo ni kaka yangu.