Kitabu cha Mjomba na Ukurasa wa Malaria

Nyumbani kwa mjomba, Bulwa, juu kwenye mashamba ya chai ya Usambara Mashariki, kulikuwa na nakala ya Mahali Pasipo na Daktari iliyokwisha kuota madoa kwa unyevu wa milimani. Jalada lake lilishikizwa kwa uzi. Mtoto akichemka usiku, mjomba aliwasha koroboi, akalowesha kidole kwa mate na kufungua ukurasa wa malaria bila hata kuutafuta, maana kitabu chenyewe kilishazoea kufunguka pale. Dawa iliyoandikwa ilikuwa klorokwini.

Kitabu hakikudanganya. Kilipoandikwa, ndivyo madaktari walivyotibu. Ila vimelea viliizoea dawa ile, Tanzania ikaiweka kando mwaka 2001 na kuleta dawa iitwayo SP, nayo SP ikaipisha dawa ya mseto mwishoni mwa 2006. Kitabu cha mjomba kilibaki rafuni na klorokwini yake.

Huwa nakikumbuka kila ninapofungua makala za tiba kwenye Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanza mwaka 2003, ambayo yeyote mwenye simu na bando anaweza kuiandika. Mimi siku hizi naanzia chini, kwenye tanbihi: nani kasema, na mwaka gani. Wenzetu wa Wikipedia ya Kiingereza wana kanuni maalumu kwa mambo ya tiba. Tegemea miongozo ya taasisi za afya, vitabu vya kufundishia madaktari, na mapitio yanayokusanya tafiti nyingi na kuzipima pamoja. Penye kipya usishike cha zamani. Wao hupendelea vyanzo vya miaka mitano hivi iliyopita. Utafiti mmoja peke yake, hata uwe umepambwa kwa takwimu, hautoshi.

Hilo la mwisho ndilo gumu kwetu, kwa sababu milima hii imezaa tafiti nyingi. Amani, jirani tu na Bulwa, Wajerumani walianzisha taasisi yao ya kilimo na baiolojia mwaka 1902, wakapanda hadi mikwinini, miti ya dawa ya malaria. Baada ya Vita Kuu ya Pili Amani ikawa kituo cha utafiti wa malaria, na jina lake limebaki kwenye kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kilichopo Muheza. Vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa huko Muheza tangu miaka ya 1980. Mwandishi mzaliwa wa huku akikuta utafiti uliofanyika kwao, mkono unamwasha kuubandika kwenye makala.

Sasa tazama. Mwaka 2004 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa mahututi 4,474 waliotibiwa malaria, vimelea vilionekana kwenye damu ya 2,062 tu, chini ya nusu. Waliobaki huenda walikuwa na homa ya kitu kingine. Habari nzito hiyo, na kwenye sehemu ya historia ya makala inastahili nafasi. Lakini msomaji mwenye mtoto mgonjwa mapajani anataka kujua afanye nini, na jibu hilo halitoki kwenye utafiti mmoja. Linatoka kwenye mwongozo: tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa malaria apimwe kwanza.

Mfano wa upande wa pili upo Kongo. Huko Maniema, kwa Waswahili wenzetu, ulifanyika utafiti uliodai kwamba chai ya artemisia inaishinda dawa ya mseto. Ulitoka kwenye jarida la kisayansi, una majedwali na kila kitu. Baadaye jarida lenyewe likauondoa. Aliyekuwa ameuingiza kwenye kamusi elezo siku ulipotoka alikuwa amewaandikia watu chai badala ya dawa.

Magazeti yetu je? Mwaka 2011 yalijaa habari za kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo, Mchungaji Ambilikile Masapila, shilingi 500 kwa kikombe. Gazeti ni chanzo kizuri cha foleni ya magari iliyoelekea kijijini kwake Samunge. Kwamba kikombe kiliponya kisukari, hapana, na nasema hivyo ingawa mimi mwenyewe naandika gazetini.

Kuna kero moja sijaipatia dawa: miongozo mingi ya tiba imeandikwa kwa Kiingereza. Anayeihamishia kwenye Kiswahili anaweza kuandika "tiba mchanganyiko yenye asili ya artemisinini" na asieleweke na mtu, ilhali mchuma chai wa Bulwa anaijua dawa hiyo tangu zamani kwa jina la mseto.

Kwa hiyo, msomaji, ukikuta makala ya Kiswahili inayompa mgonjwa wa malaria wa Muheza klorokwini, usigune ukapita. Bonyeza Hariri, andika mseto baada ya kipimo, na kwenye tanbihi weka mwongozo wa Wizara ya Afya pamoja na mwaka wake.