Kibao cha nyota ya buluu: Ukumbusho wa barabarani ulioanza na miti 8,000

Ukisafiri kwa gari nchini Marekani, kando ya barabara kuu na kwenye vituo vya kupumzikia utakutana na vibao vya chuma vilivyoandikwa "Blue Star Memorial Highway". Wengi huvipita bila kujua ni vya nini.

Kwa kifupi, ni ukumbusho wa wanajeshi. Lakini haukuanza na kibao. Ulianza na miti.

Nani walianzisha?

Mwaka 1944, Vita ya Pili ya Dunia ikiendelea, vyama vya wapenda bustani vya New Jersey vilipanda takriban miti 8,000 ya dogwood kando ya barabara ya US 22, kipande cha karibu kilomita 9. Dogwood ni mti mdogo unaochanua maua meupe au ya pinki baridi inapoisha.

Wazo lao: badala ya sanamu ya mawe, wanajeshi wa jimbo hilo wakumbukwe kwa kitu kinachokua. Mwaka 1945 baraza la kitaifa la vyama hivyo likaufanya mpango huo kuwa wa nchi nzima. Vibao vikawekwa ili kumwambia mpita njia kwa nini barabara imepambwa.

Mbona nyota ya buluu?

Wakati wa vita, familia zilitundika bendera ndogo dirishani. Kila nyota ya buluu ilimaanisha mtu mmoja wa nyumba hiyo yuko jeshini. Akifariki, nyota iligeuzwa ya dhahabu. Jirani hakuhitaji kuuliza.

Sheria nayo ikaja

Suala la sura ya barabara lilifika hadi kwenye Bunge la Marekani. Oktoba 22, 1965, Rais Lyndon B. Johnson alisaini sheria ya kupendezesha barabara kuu, iliyopigiwa debe sana na mkewe, Lady Bird Johnson. Ilibana mabango ya matangazo yaliyo ndani ya futi 660 (kama mita 200) kutoka barabarani na kutaka maeneo ya magari chakavu yafichwe. Jimbo lisilotii lingekatwa asilimia 10 ya fedha za barabara kutoka serikali kuu.

Hata hivyo, mabango yaliruhusiwa kwenye maeneo ya biashara na viwanda, ndiyo maana hayajaisha.

Kibao kinabaki, mti je?

Hapo ndipo penye kazi. Leo sehemu kubwa ya US 22 huko New Jersey ina foleni za magari na maduka pande zote. Kibao cha chuma hakihitaji maji, kinaweza kusimama miaka mingi hata kama kilichokileta hakipo tena. Mti unahitaji mtu wa kuutunza.

Ndiyo maana vyama vya bustani bado husafisha vibao na kupanda maua chini yake. Siku ukikiona kimoja, usiishie kusoma maandishi. Angalia na pembeni, kuna nini kinachoota.