Jeni, Rangi ya Mwili na Urithi wa Ualbino

Nchini Tanzania inakadiriwa kuwa mtoto mmoja katika kila watoto 1,400 hivi huzaliwa na ualbino, ilhali Ulaya na Amerika ya Kaskazini hali hiyo humpata mtu mmoja katika kila watu 17,000 hadi 20,000. Tofauti hiyo kubwa haitokani na laana, wala na mwenendo wa mama, wala na chakula alichokula akiwa mjamzito, bali inatokana na historia ya badiliko dogo la vinasaba ambalo limerithishwa barani Afrika kwa vizazi vingi, mara nyingi bila yeyote katika ukoo kujua kwamba analo. Kwa kuwa ualbino huonekana kwa macho, na chanzo chake kimekwisha kufuatiliwa hadi kwenye vinasaba vyenyewe, ni vigumu kupata mfano ulio bora zaidi wa kueleza jinsi jeni zinavyoumba sifa za mwili wa binadamu.

Ndani ya kiini cha karibu kila seli ya mwili mna kromosomu 46, zilizopangika katika jozi 23, na katika kila jozi moja hutoka kwa baba na nyingine kwa mama. Kila kromosomu ni uzi mrefu wa DNA, yaani kemikali inayobeba maagizo ya mwili kwa mpangilio wa aina nne tu za viungo ambavyo wataalamu huviita herufi, na seti moja anayoitoa mzazi ina herufi takriban bilioni 3. Jeni ni sehemu ya uzi huo yenye maagizo ya kutengeneza protini fulani, na binadamu ana jeni 20,000 hivi za aina hiyo. Watu wawili wasio na undugu hufanana katika herufi 999 hivi kati ya kila 1,000, lakini kwa kuwa herufi zenyewe ni nyingi mno, hiyo moja inayobaki huzaa mamilioni ya tofauti, ambazo nyingi hazibadilishi chochote, na chache ndizo zinazoamua kundi la damu, kuchangia urefu wa kimo, au kugeuza rangi ya nywele na macho.

Rangi ya mwili hutokana hasa na melanini, ambayo hutengenezwa na seli maalumu zilizoko kwenye ngozi, kwenye mashina ya nywele na ndani ya macho. Katika seli hizo mna vifuko vidogo sana ambamo kimeng'enya kiitwacho tairosinesi hubadilisha kemikali ya tairosini hatua kwa hatua hadi ikawa melanini. Kimeng'enya hicho hakifanyi kazi vizuri penye asidi nyingi, na hapo ndipo inapoingia jeni ya OCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 15, kwa sababu protini yake hukaa kwenye utando wa vifuko hivyo na kusaidia kupunguza asidi ndani yake. Protini hiyo ikikosekana, tairosinesi ipo lakini haiwezi kufanya kazi yake ipasavyo, na melanini inayopatikana ni kidogo mno. Jambo ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba mtu mwenye ualbino hana seli za rangi, wakati ukweli ni kwamba anazo kwa idadi ya kawaida, na kilichopungua ni kile kinachotengenezwa ndani yake.

Wanasayansi walipochunguza jeni ya OCA2 kwa Watanzania wenye ualbino katika miaka ya 1990, waligundua kwamba wengi wao walikuwa na badiliko la aina moja, yaani kukosekana kwa kipande cha herufi 2,700 hivi. Jeni nzima ina urefu wa herufi zaidi ya 300,000, hivyo kilichopotea ni chini ya sehemu moja katika mia, lakini kipande hicho kimebeba sehemu ya maagizo yenyewe, na kikiondoka maagizo yanayofuata husomeka kombo, na protini inayofaa haipatikani. Kinachostaajabisha zaidi ni kwamba upungufu huo huo, ulioanzia na kuishia mahali pale pale kwenye uzi wa DNA, umekutwa pia Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na hata Kamerun. Si rahisi ajali ya namna hiyo itokee mara nyingi kwa kulingana kabisa, na kwa hiyo wataalamu wanaona kwamba ilitokea mara moja, kwa mtu mmoja wa zamani sana, kisha ikasambaa pamoja na wazao wake katika uhamaji mrefu wa watu barani, ukiwemo ule wa wasemaji wa lugha za Kibantu.

Imewezekana isambae hivyo kwa sababu ni badiliko fiche, yaani badiliko ambalo athari yake haionekani mtu akiwa nalo kwenye nakala moja tu ya jeni. Mwenye nakala moja iliyobadilika na moja iliyo kamili hupata melanini ya kutosha kutokana na ile iliyo kamili, na huishi maisha yake yote bila dalili yoyote. Mtu wa namna hiyo huitwa mbebaji. Wabebaji wawili wanapozaa, kila mmoja hutoa nakala moja kati ya zake mbili, na nakala hiyo haichaguliwi na yeyote, hivyo katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupokea nakala iliyobadilika kutoka pande zote mbili na kuzaliwa na ualbino. Nafasi hiyo huanza upya katika kila mimba: familia yenye watoto watatu wasio na ualbino inaweza kumpata wa nne akiwa nao, na familia iliyokwisha kumpata mmoja inaweza kumpata mwingine.

Kanuni iliyotolewa mwaka 1908 na G. H. Hardy wa Uingereza na Wilhelm Weinberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, huwezesha kukadiria idadi ya wabebaji kutokana na idadi ya wenye hali yenyewe. Kwa kiwango cha mmoja katika 1,400, na kwa kuchukulia kwamba watu huoana bila kufuata undugu, mtu mmoja kati ya 19 hivi ni mbebaji, maana yake ni kwamba katika daladala iliyojaa abiria huenda yumo mmoja au zaidi. Uwezekano wa wabebaji wawili kukutana katika ndoa ni mmoja kati ya 361, na robo yake hurudi kwenye ile ile hesabu ya mmoja katika 1,400 na ushei. Pale ambapo ndugu wa damu huoana uwezekano huongezeka, kwa kuwa wote wawili huweza kuwa wamerithi nakala ile ile kutoka kwa babu au bibi mmoja.

Hesabu hiyo inapaswa kufika mbali zaidi ya vitabu vya biolojia. Wanawake wengi wameachwa na waume zao, au wametuhumiwa kuzaa nje ya ndoa, baada ya kujifungua mtoto mwenye ualbino, ilhali mtoto hawezi kuzaliwa na aina hii ya ualbino mpaka baba na mama wote wawili wawe wamempa nakala iliyobadilika. Mume anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo anamtuhumu kwa jambo ambalo nusu yake imetoka kwake mwenyewe. Vivyo hivyo, imani zilizosababisha watu wenye ualbino kushambuliwa na kuuawa, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hazina pa kusimama, kwa kuwa viungo vyao havina kitu chochote ambacho hakimo katika mwili wa jirani yao. Walichopungukiwa ni rangi tu.

OCA2 si jeni pekee inayohusika. Jeni ya tairosinesi yenyewe, iliyoko kwenye kromosomu ya 11, ikiharibika huleta aina nyingine ya ualbino, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi Ulaya. Mwaka 1952 daktari wa macho wa Uingereza, Trevor-Roper, alieleza habari za mume na mke waliokuwa na ualbino wote wawili na bado wakazaa watoto wenye rangi ya kawaida, jambo lililoonekana kupingana na kanuni za urithi. Maelezo yake ni kwamba kila mzazi ameharibikiwa na jeni tofauti, hivyo mtoto hupata kwa baba nakala kamili ya jeni iliyoharibika kwa mama, na kwa mama nakala kamili ya ile iliyoharibika kwa baba, na melanini ikatengenezwa bila kikwazo.

Rangi ya watu wasio na ualbino nayo ina mizizi katika jeni hizo hizo na nyingine nyingi, lakini humo hakuna jeni moja yenye kauli ya mwisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na kundi lililoongozwa na Sarah Tishkoff, uliohusisha watu zaidi ya 1,500 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, ulionyesha sehemu kadhaa za vinasaba zinazochangia weusi au maji ya kunde ya ngozi, mojawapo ikiwa eneo la OCA2 na jirani yake HERC2. Badiliko la herufi moja katika HERC2, linalopunguza kazi ya OCA2 machoni, ndilo lililowapa Wazungu wengi macho ya buluu.

Upungufu wa melanini hauishii kwenye sura. Jicho huhitaji melanini linapoumbika tumboni, na isipotosha, sehemu ya katikati ya retina, ambayo ndiyo inayoona vitu kwa undani, haikui kikamilifu, na nyuzi za fahamu zinazotoka machoni huvuka kupita kiasi kwenda upande wa pili wa ubongo. Ndiyo sababu watoto wenye ualbino huumizwa na mwanga, macho yao huchezacheza, na maandishi ya ubaoni huwapotea hata wakiwa na miwani. Akili zao hazina kasoro yoyote, na mwalimu anayemketisha mtoto huyo mbele, mbali na mwanga wa dirisha, na kumpa maandishi makubwa, huwa amemwondolea sehemu kubwa ya kikwazo chake.

Kwa upande wa ngozi, saratani inayowaandama watu wenye ualbino wa Afrika Mashariki, wengine wakiwa bado vijana, haikuandikwa ndani ya jeni ya OCA2. Jeni hiyo huiacha ngozi bila kinga, na jua ndilo linaloharibu DNA ya seli mwaka baada ya mwaka. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun, iliyobuniwa mahususi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mtoto aliyezoeshwa losheni, kofia pana na mikono mirefu tangu utotoni, na ambaye ngozi yake hukaguliwa mara kwa mara ili vidonda vya mwanzo vitibiwe mapema, ana nafasi nzuri ya kufikia uzee na ngozi iliyo salama, ingawa nakala zake zote mbili za OCA2 ni zile zile alizozaliwa nazo.