Nyumba Endelevu Huanzia Jikoni

Ukitaka kujua mwanao anapumua nini, ingia jikoni uinue macho. Masizi yaliyoganda kwenye kenchi na mabati ni sehemu tu ya moshi. Sehemu nyingine imeingia vifuani mwa wanaoshinda humo, na mmoja wao ni mtoto aliyebebwa mgongoni mama akichochea moto.

Mtoto mchanga huvuta pumzi mara 30 hadi 60 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Mapafu yake bado yanakua, na moshi humwongezea hatari ya nimonia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano.

Mkaa huaminiwa kwa kuwa moshi wake ni haba. Lakini makaa mekundu hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunuka, inayoua watu waliolala na jiko ndani ili wapate joto. Isitoshe, kwa tanuri la kienyeji, kilo moja ya mkaa huweza kumaliza kilo 5 hadi 10 za kuni. Kinachomuumiza mtoto ndicho kinachomaliza msitu, kwa hiyo dawa yao ni moja.

Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Tusisubiri mwaka huo.

Tuanze na maharage, chakula kinachokula mkaa kuliko vingi. Yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, na yataiva mapema zaidi. Penye umeme, presha kuka ya umeme huyaivisha bila kufika saa moja, kwa chini ya yuniti moja, wala haihitaji mtu wa kuchochea.

Anayetumia gesi ya mtungi akumbuke kwamba ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutulia sakafuni, pale pale mtoto anapotambaa. Mtungi usimame wima, penye hewa ya kutosha. Ukisikia harufu, funga valvu, fungua milango, mtoe mtoto nje; usiguse swichi wala kiberiti.

Kama mkaa ndio uliopo, tumia jiko banifu na upikie nje au kwenye banda lisilo na kuta. Mshushe mtoto mgongoni, umpe mwenzako amshike mbali na moto. Usiku jiko lisiingie chumbani, hata liwe limefunikwa majivu.

Si lazima ubadili nyumba nzima kwa siku moja. Leo kabla ya kulala, loweka maharage ya kesho.