Carlos Santana: Kiongozi wa Bendi Asiye Mwimbaji

Katika bendi nyingi za roki, yaani muziki wa magitaa ya umeme uliochipuka Marekani kutokana na bluzi za Wamarekani Weusi, kiongozi ndiye huyo huyo anayeshika maikrofoni, na wasikilizaji humjua kwa sauti yake kabla hawajamjua kwa ala anayoipiga. Carlos Santana ameiongoza bendi yenye jina lake kwa zaidi ya nusu karne bila kuwa mwimbaji wake mkuu, na jambo hilo, ambalo aghalabu hutajwa kwa kupita tu, ndilo linaloeleza vizuri zaidi jinsi muziki wake ulivyojengwa: ilibidi gitaa la solo lifanye kazi ya koo, na chini yake ziwepo ngoma za kutosha kulibeba.

Santana alizaliwa tarehe 20 Julai 1947 katika mji wa Autlán de Navarro, jimbo la Jalisco, nchini Mexico. Baba yake, José, alikuwa mpiga fidla wa mariachi, yaani vikundi vya fidla, magitaa na tarumbeta vinavyotumbuiza kwenye harusi na sikukuu za nchi hiyo, na ndiye aliyemfundisha mwanawe fidla kabla kijana hajaligeukia gitaa. Sauti ya fidla huendelea kwa muda wote ambao upinde unasafiri juu ya uzi, ilhali uzi wa gitaa ukishapigwa huanza kufifia papo hapo. Ndiyo maana si vigumu kusikia, katika zile noti ndefu ambazo Santana huzivuta mpaka zinakaribia kulia kama mtu, sikio lililolelewa na fidla.

Familia ilihamia Tijuana, mji wa mpakani, ambako kijana alijifunza bluzi kwa kumtazama mpiga gitaa Javier Bátiz na kufanya kazi katika vilabu vya usiku, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikavuka mpaka na kuweka makazi San Francisco. Huko Santana alisoma Mission High School, akamaliza mwaka 1965, akawa anaosha vyombo mgahawani huku muziki ukisubiri jioni. Mtaa wa Mission ulikuwa na wahamiaji wengi wa Mexico na Amerika ya Kati, wakati katika mji huo huo, kwenye ukumbi wa Fillmore, promota Bill Graham alikuwa akiwapandisha jukwaani, usiku mmoja, wapigaji wa bluzi, jazi na roki. Bendi iliyoanzishwa mwaka 1966 kwa jina la Santana Blues Band ilizaliwa katikati ya mchanganyiko huo.

Kilichoitofautisha ni safu yake ya midundo. Pamoja na dramu za kawaida za Michael Shrieve, Michael Carabello alipiga tumba, zile ngoma ndefu za mikono zenye asili ya Kikongo zilizolelewa Cuba, na José "Chepito" Areas, mzaliwa wa Nicaragua, alipiga timbali, yaani ngoma mbili za chuma zinazopigwa kwa vijiti. Wapenzi wa muziki wa dansi wa Afrika Mashariki watatambua undugu hapa bila kuambiwa, kwa kuwa santuri za Cuba ndizo zilizowafunza pia wanamuziki wetu wa miaka ya 1950, hata Salum Abdallah wa Morogoro akaiita bendi yake Cuban Marimba. Albamu ya kwanza ya Santana, ya mwaka 1969, ilikuwa na wimbo "Jingo" wa Babatunde Olatunji, mpiga ngoma kutoka Nigeria, na "Evil Ways", ambao Graham aliupendekeza baada ya kurekodiwa na Willie Bobo wa New York.

Albamu hiyo ilikuwa bado haijatoka madukani pale bendi ilipopanda jukwaani kwenye tamasha la Woodstock tarehe 16 Agosti 1969, mbele ya umati wa mamia ya maelfu ambao wengi wao hawakuwahi kuisikia, na nafasi hiyo ilipatikana kwa sababu Graham alishinikiza. Katika "Soul Sacrifice", utungo usio na hata neno moja, Shrieve aliyekuwa na umri wa miaka 20 alipiga solo ya dramu ambayo filamu ya tamasha hilo iliieneza duniani kote. Inastahili kusisitizwa kwamba kilele cha bendi hiyo siku ile kilikuwa cha ngoma, na kiongozi aliridhika kuwapisha wapigaji wake.

Sauti yenyewe ya gitaa ina siri ya kiufundi inayofaa kuelezwa. Gitaa la umeme lina sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya. Spika ikiwa na nguvu ya kutosha, mawimbi yake huutikisa uzi ule ule upya, na noti iliyopaswa kufa ikaendelea kuishi. Ila mpigaji lazima atafute umbali na pembe sahihi kati yake na spika, kwa maana akisogea kidogo tu sauti hugeuka kuwa mlio wa kukera. Katika wimbo "Europa", wa mwaka 1976, uwezo huo unasikika waziwazi, noti ikining'inia huku kinanda kikibadilisha kodi chini yake.

Albamu ya pili, *Abraxas* ya mwaka 1970, ilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa nyimbo ambazo asili yao haikuwa ya bendi: "Oye Como Va" ni chachacha ya Tito Puente, na "Black Magic Woman" ilitungwa na Mwingereza Peter Green. Tarehe 6 Machi 1971 bendi ilipiga Accra, kwenye tamasha la Soul to Soul la kuadhimisha uhuru wa Ghana, Willie Bobo akishika timbali kwa niaba ya Areas aliyekuwa mgonjwa. Baada ya hapo Santana aliielekea jazi katika *Caravanserai* ya mwaka 1972, jambo lililowachosha mwimbaji na mpiga kinanda Gregg Rolie na mpiga gitaa kijana Neal Schon, nao wakaondoka na kuanzisha bendi ya Journey. Hasara ilikuwa kubwa, lakini kiongozi asiyetegemea koo lake anaweza kubadilisha waimbaji bila kupoteza utambulisho wake.

Mwaka 1999 Clive Davis wa kampuni ya Arista aliigeuza hali hiyo kuwa mpango: katika *Supernatural* nyimbo nyingi zilipewa wageni, na "Smooth", ulioimbwa na Rob Thomas, ulikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 12. Katika tuzo za Grammy za mwaka 2000 Santana alitwaa tuzo 8 usiku mmoja, akifikia rekodi ya Michael Jackson. Hata hivyo kazi inayomtendea haki zaidi ni *Africa Speaks* ya mwaka 2019, iliyosimamiwa na Rick Rubin na kuimbwa na Buika, Mhispania ambaye wazazi wake walitoka Guinea ya Ikweta, huku dramu zikipigwa na Cindy Blackman Santana, mke wa kiongozi huyo. Humo gitaa huingia likimjibu mwimbaji, likakaa kimya kwa muda mrefu, kisha likarudi pale ngoma zinapolidai.